Wasizike Yago Badala Yako

Owadwa, ndugu yangu Okoth,

Nakuandikia nikiwa Jeddah, mtaa wa Karantina, chumbani kwa dada mmoja wa Kisii anayeitwa Moraa. Nilitoroka Riyadh na nguo nilizovaa. Pasipoti na ikama, kile kibali cha kuishi huku, vimebaki kwa bosi. Nimekasirika, Okoth. Nimekukasirikia wewe kwa kufa, nimemkasirikia madam, mke wa bosi, nimemkasirikia hata Mungu, na juu ya hasira hizo zote ninaogopa.

Wamekuchoma, ndugu yangu. Nalisema wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Moyo wako uliposimama mle jikoni mwa meli ulimokuwa mpishi, watu wa Mariehamn, bandari yenu huko Finland, waliniandikia kuniuliza wakufanye nini. Simu yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kule Riyadh, adhabu ya kuunguza kanzu ya bosi kwa pasi. Waliuliza, wakauliza tena, wakangoja, mwishowe wakakufanyia kama wanavyowafanyia wengi wao. Niliporudishiwa simu ulikuwa umeshakuwa majivu ndani ya chombo chenye kifuniko. Wewe! Mtoto wa kisiwa cha Mfangano! Kwetu hata mchawi huzikwa mwili mzima, na watu wakasimama kumsifu.

Nilimwambia madam. Alilia nami, kweli alilia, akanitengenezea chai kwa mkono wake. Nikaomba ruhusa nisafiri. Akafuta macho, akasema, "Halas, amekufa. Utaenda kufanya nini?" Kisha akaniuliza kama wali umeiva.

Unakumbuka zile sauti ulizokuwa ukinirekodia? Nilikuwa nazisikiliza nikipiga pasi, natabasamu peke yangu mpaka watoto wa nyumba wananishangaa. "Nimetoka kisiwani nikafika kisiwani," ulisema. Kwamba nchi ni Finland lakini wenyewe wanaongea Kiswidi. Kwamba mji mzima unauzunguka kwa miguu, ukirudi maji ya ugali hayajachemka. Kwamba meli kuukuu ya milingoti minne wameiegesha bandarini na watu wanapanga foleni kuitazama, na kanisani wametundika meli ndogo darini, juu ya vichwa vya waumini. Hiyo uliicheka mpaka ukakohoa. "Hawa wanapenda bahari hawa! Wangeweza hata kutundika sufuria zangu."

Halafu ile siku ulipopita makaburini. Ukasoma mawe: nahodha fulani, nahodha fulani, kazi ya mtu imeandikwa kando ya jina lake. Ukaniuliza, "Mimi wataandika nini, nyaminwa, dada yangu? Mpishi?" Nikakujibu waandike alizidisha chumvi. Tulicheka sana.

Baba mdogo amepiga simu. Anasema majivu si mtu. Anasema mila inajulikana: mtu akimezwa na ziwa asionekane, linazikwa yago, lile tunda refu zito la mwegea, linalazwa kaburini badala yake na matanga yanaisha. Nikamwambia hukumezwa na ziwa, upo, uko kanisani Mariehamn. Akasema, "Akinyi, hiyo ni jivu ya jiko. Wacha tumzike kijana."

Mama hakubishana naye. Mama amechoka, Okoth. Aliniambia polepole, "Kama mwanangu yupo, mlete. Mahindi yakishavunwa na hujamleta, nitazika hilo yago nilale." Na kwetu mtu hazikwi mara mbili. Yago likishaingia pale kando ya kaburi la baba, wewe huna kwenu tena.

Mchungaji wa huko Mariehamn, mama mmoja mwenye maneno ya upole, ameniandikia kwamba anaweza kukutuma kwa ndege hadi Nairobi. Lakini lazima upokewe na yule uliyemwandika kwenye karatasi zako za kazi. Uliandika jina langu. Langu tu! Kwa nini hukumwandika mama, wewe mtu? Mimi huyu wa kufungiwa simu kabatini? Nisipokupokea, watakuzika kwenye makaburi yao, ugenini, kati ya manahodha.

Basi nimebaki na njia moja. Bosi ameshaniripoti kwamba nimetoroka, kwa hiyo uwanja wa ndege siwezi kupita. Moraa ananiambia, "Enda ukae pale barabarani polisi wanapookota watu. Gari likikuja, yalla, ingia, usikimbie. Watakufunga, but mwisho wake ni ndege ya Nairobi." Nikamuuliza watu hukaa ndani muda gani. Akaendelea kunisuka nywele. Wengine hukaa mpaka nywele hizo zikafumuka zenyewe, najua. Na mahindi hayamngoji mtu.

Asubuhi natoka. Nimeomba mpaka maneno yameniisha, sasa nasema tu, "Baba, mahindi yachelewe." Uliwahi kusikia mtoto wa mkulima akiomba hivyo? Mama akinisikia atanichapa.

Kwaheri, owadwa. Nakuahidi nitakupokea kwa mikono yangu, nikupakate njia nzima mpaka kisiwani, na mama nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, ulivyofanywa. Nikikuta wameshazika, nitalifukua hilo yago mchana, baba mdogo akiniona, nikulaze mahali pako. Wanilaani wakitaka. Na jiwe nitakuwekea, limeandikwa Okoth, mpishi. Chumvi tutaisahau.

Mama mchungaji anasema amekuweka kanisani, chini ya ile meli yao. Kaa hapo hapo. Mtu yeyote asikuzike kabla sijafika.

Mimi nyaminwa,
Akinyi