Tundu la Tatu

Funäsdalen,
Machi 9, 1984

Dada yangu Ingegerd,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Theluji bado imefika madirishani, na mbuzi wawili wamezaa.

Habari kubwa ni filimbi ya baba. Amekuja binti mmoja mchongaji, Marit, anayetaka filimbi zetu za mti zipigwe tena kabla hazijasahaulika. Alikaa siku tatu jikoni kwangu akipima matundu yote sita, akinywa kahawa yetu yenye vipande vya jibini ndani kama mzaliwa wa hapa. Tayari amechonga nakala kumi na mbili, na Jumapili ijayo zitapigwa kanisani.

Ila alipoipuliza ile ya baba, uso ulimshuka. Alisema alitarajia ile sauti ya kale ya malishoni, isiyo juu wala chini, lakini tundu la tatu linatoa sauti iliyonyooka kama ya fidla. "Kumbe hata mzee wako aliifuata fidla," akaniambia. Hayo ndiyo atakayoyasema mbele ya watu. Mimi nikamwongezea kahawa.

Dada, si baba. Ni mimi. Unakumbuka ile ngoma ya kiangazi nilipopiga fidla pamoja naye, vijana wa akina Halvar wakatucheka kwamba sauti ya baba inakwenda kaskazini na ya mwana kusini? Niliona haya. Kesho yake, baba alipokwenda kukata nyasi, nilichukua kisu nikalipanua tundu lile, kidogo tu, unene wa ukucha.

Jioni akapuliza wimbo wake wa kuitia mbuzi. Akakoma. Akapuliza tena. Kisha akavitazama vidole vyake, akaiweka filimbi juu ya kabati. Aliishi miaka minane baada ya hapo, wewe ukimbembeleza kwa barua apige, asipige. Siku moja aliniuliza kama nami nasikia alivyoharibika. Nikamjibu, "Ni uzee tu, baba."

Kesho nitamwambia Marit. Lakini sauti ile mimi siikumbuki, maana niliisikia nikiionea aibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwitikia baba kutoka ng'ambo ya mto. Panda treni uje umwimbie Marit sauti ile, alizibe tundu kwa nta, atoboe upya. Ukiwa na hasira nami, njoo nazo.

Nisalimie shemeji na watoto. Kitanda chako nimekitandika.

Mdogo wako,
Eskil