Wiki ya Rula Zisizovuta

Jumatatu, 5 Mei

Wekesa amemwaga uji juu ya ukurasa huu sasa hivi, halafu akacheka. Pengo la meno mawili mbele. Sikuweza kumkasirikia. Nimepangusa, naandika pembeni.

Nasimiyu amekuja shuleni. Yule tuliyekaa naye dawati moja Kanduyi, mpaka fomu tu, yaani kidato cha pili, mpaka mimba yangu. Sasa yuko hapa Kitale kwa mazoezi ya ualimu, anafundisha fizikia. Mimi naosha vyombo vya maabara na kupika chai ya walimu. Fundi wa maabara alinitambulisha kama Mama Wekesa, naye akaniita hivyo hivyo. Jina langu ni Nelima. Analijua.

Nina wivu. Wacha niandike hivyo tu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nilisimama mlangoni mwa maabara nikimsikiliza Nasimiyu. Alisema kitu chenye chaji kina sehemu inayokizunguka, na kitu kingine kikiingia hapo kinavutwa au kusukumwa bila kuguswa. Fildi ya umeme. Akasugua rula ya plastiki kwa kitambaa, akaileta karibu na vipande vya karatasi.

Hakuna. Akasugua tena. Hakuna.

"Madam, labda karatasi zimeshiba," msichana wa nyuma akasema. Darasa lote likacheka. Mimi pia, huku nje. Nilisikia utamu.

Alhamisi mkaguzi wa chuo chake anakuja kumwona akifundisha hilo hilo kwa darasa lingine. Akianguka, anarudia mazoezi yote mwaka ujao.

Jioni. Nilikuwa namchana Wekesa karibu na jiko. Nywele zikainuka, zikafuata kitana. Nikaosha kitana, nikachana tena. Zikalala. Nikabaki nimekishika tu. Kila asubuhi napangusa zile rula kwa maji ya sabuni. Zinaingia darasani na unyevu wake.

Kumbe ni mimi.

Jumatano, 7 Mei

Nilijua, na bado nikazipangusa kwa maji. Polepole, pande zote mbili.

Nasimiyu alijaribu peke yake wakati wa chai. Hakuna kitu. Akaingia stoo, akatoka macho mekundu, akaomba chai bila sukari. Nikampa. Utamu wa jana sikuupata.

Mama ameniuliza mbona sili.

Alhamisi, 8 Mei

Nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Niliwasha jiko la chai, nikakausha rula, karatasi na kitambaa, mbali kidogo rula zisiyeyuke. Nikavifunga kwenye sweta ya Wekesa.

Nasimiyu alipofika nikamwambia. Rula zilikuwa na maji. Mimi ndiye nilikuwa nazipangusa. Na jana nilifanya nikijua.

Aliweka begi chini, nikadhani atanipiga.

"Nelima wewe," akasema. "Ile roho mbaya ya fomu wani bado unayo. Leta hiyo sweta."

Karatasi ziliruka. Wasichana wakapiga makofi, mkaguzi akaandika. Kisha Nasimiyu akaweka mtungi wa maji sakafuni, akaita mmoja auinue hadi mezani. Kuinua ni kazi, akasema. Kusogeza chaji kutoka hapa hadi pale pia ni kazi, na kazi hiyo kwa kila chaji moja ndiyo tofauti ya potenshali.

Nilielewa yote, nikiwa mlangoni na kitambaa changu. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko kila kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Amepita. Walimu wamempongeza, wakampongeza na fundi. Mimi nilimimina chai. Wivu bado ninao. Leo haukunizuia kula.

Mvua imekatika. Jioni nilitoka pamoja naye mpaka barabarani. Nikamuuliza kama mtu aliyeachia shule fomu tu anaweza kukalia mtihani. Akasema anaweza, kama mtahiniwa wa kibinafsi, ila fizikia bila maabara ni shida. Nikamwambia asubuhi ni mimi naifungua.

Akasema Jumatatu nije mapema, nilete daftari.

Nimepata moja, kurasa chache tu zimetumika. Nimeandika jina langu juu. Nataka nianze na fildi, halafu ile tofauti ya, ngoja, Mama ananiita, ati Wekesa ana