Mrija Wako Chini ya Paa la Mama Vestina

Gisenyi, Jumatano jioni

Faustini ndugu yangu,

Ipo. Naandika neno hilo kabla sijakusalimu, jambo ambalo ningemkata mwanafunzi alama kwa kulifanya. Pombe yako ya ndizi ipo, mwanamke anayeitengeneza yupo, na nyumba yake ipo mahali pale pale uliposema: kilima cha pili baada ya chemchemi ya maji moto, upande wa juu wa njia. Nimefika kwa miguu yangu mwenyewe. Nimeinywa. Magoti yananiuma, lakini siwezi kukaa nikatulia. Nimesimama dirishani na karatasi nimeiweka juu ya kabati.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Nyumbani kwako ni wazima. Mke wako amerudi sokoni kuuza dagaa zake za sambaza, na sauti yake imerudi pia, kwa maana wateja wameanza tena kulalamika. Njia imefunguka. Ile njia ndefu ya miguu inayofuata ziwa hadi Kibuye, ambayo wewe na mimi tuliizungumzia miaka minne bila kuthubutu kuipita kwa hofu ya vita, sasa ina watu. Nilikutana na wanawake wenye vikapu vya maharagwe, watoto wa shule, hata wazee wenye fimbo kama mimi. Ungeiona, ungevaa kofia yako siku hiyo hiyo.

Na Jumamosi hii wanakuja kumposa binti yako Esperansi. Kijana ni fundi wa redio. Wazazi wake walirudi kutoka Goma, ni watu wema wenye maneno mengi. Mimi ndiye nitakayeketi kwenye kiti chako na kuwajibu.

Hapo ndipo penye jambo lililonitoa nyumbani. Ulipokuwa umelala kitandani, miguu imevimba, uliniambia: "Mwalimu, hakuna mutu atabeba mutoto yangu kwa bia ya chupa. Wageni wakunywe ile ya Mama Vestina. We utaonja mbele, pa fasi yangu." Nionje kwanza, mahali pako; nami nikakujibu nini? Nikakujibu kwamba pombe hiyo haipo, kwamba umeitunga kama unavyotunga samaki wako wakubwa, na kwamba mgonjwa hapaswi kufikiria ulevi. Ukageukia ukuta. Siku ya tatu tulikuzika.

Hilo ndilo lililokuwa neno langu la mwisho kwako. Nimelala nalo na kuamka nalo tangu mvua zile za mazishi yako.

Wiki iliyopita shemeji yako alitangaza kwamba ataleta kreti za bia za kiwandani na mambo yaishe. Esperansi hakumbishia. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni huku akisokota ncha ya kitenge chake, akasema: "Baba Mwalimu, kama haiko, haiko. Lakini tafuta kwanza."

Nikatafuta. Sokoni nilipewa maji yenye sukari ambayo ndizi ilipita karibu nayo tu. Kanzenze nilipewa kitu kikali kama siki, na mwenye nyumba akaniapia kwamba wageni wake wote hukunja uso hivyo kwa furaha. Jumatatu alfajiri nikachukua fimbo, koti, na kikombe changu cha bati, nikashika njia ya Nyamyumba.

Nililala kwa katekista, karibu na chemchemi. Jana asubuhi nikapanda. Kilima cha kwanza kilinidharau. Kwenye cha pili nilimkuta mama mmoja akipalilia, nikamuuliza kama anamjua Mama Vestina. Hakuinua hata mgongo. Akasema, "Fuata harufu, muzee." Nikadhani ananichezea, kama nilivyodhani wewe unanichezea. Lakini baada ya kona mbili, Faustini, harufu ikaja! Mtama unaokaangwa. Nilikwenda mbio. Mimi, mwenye umri huu, nilikwenda mbio juu ya kilima, na ninashukuru kwamba hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyeniona.

Mama Vestina ni mfupi, ana mikono mipana, na hacheki ovyo. Alinikaribisha kwenye kigoda. Alikuwa na kibuyu cha pombe iliyoiva tangu juzi. Alipokileta, kikiwa na mrija ndani yake, nilifanya kama nilivyofanya maisha yangu yote: nikatoa kikombe changu kwenye koti, nikakipangusa kwa leso, nikamnyooshea anijazie.

Akasimama kama mti. Kisha akakirudisha kibuyu ndani.

"Muzee, unaleta kikombe yako ndani ya nyumba yangu? Hata sijaonja, we unanyoosha mukono? Unazani mi niko mulozi?"

Ndipo nilipoelewa. Chuoni kwetu Tanzania tulifundishwa kwamba mtu msafi hunywea chombo chake. Nilirudi katika nchi hii na somo hilo, na hakuna aliyeniambia kwamba hapa mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha mrija hupita kutoka mdomo hadi mdomo, na kwamba anayekuja na kikombe chake anamwambia mwenyeji kuwa ni muuaji. Hakuna aliyeniambia! Miaka minne nilikuja kwako kila Jumapili na kikombe kile. Miaka minne ulinijazia mbele ya mke wako na majirani, ukicheka, "Mwalimu na kikombe yake kama mugonjwa wa hospitali." Nilidhani unaucheka usafi wangu. Kumbe ulikuwa ukicheka ili wengine nao wacheke, wasije wakakasirika.

Nilijaribu kuomba radhi. Nilitumia sentensi ndefu na nzuri, naye akaniangalia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alikwisha kushika mlango. Nikaiona Jumamosi ikija, kreti za bia zimepangwa ukutani, na Esperansi akisokota kitenge chake. Basi nikaacha sentensi zote nikataja jina lako tu.

"Faustini? Ule mutu ya kofia?" Akauachia mlango. "We ni ule mwalimu wa Tanzania? Wa kikombe?" Na hapo, ndugu yangu, akacheka hadi akajishika kiuno. "Alikuwa ananiambiaka: niko na rafiki, ule haogope sumu, anaogopa mate tu! Bon, keti, muzee. Na yeye iko wapi? Amechelewa sana mwaka huu."

Ilinibidi nimwambie. Nilisema kwa maneno machache. Alikaa chini, mikono mapajani. Kisha akanyoosha mkono juu, chini ya bati la paa, mahali ambapo wateja wake wa siku zote huchomeka mirija yao ili waikute watakaporudi. Akapapasa, akatoa mmoja. Umefungwa uzi wa buluu wa wavu, fundo lako lile lile. Akaupangusa kwa kiganja. Akaleta kibuyu, akaonja kwa mrija wake mwenyewe kama inavyotakiwa, akaniwekea wako mkononi.

"Kunywa na hii. Ni yako sasa."

Nikanywa. Mate yako na yangu, Faustini, mwishowe.

Na lo, pombe ile! Inaanza tamu, tamu ya ndizi iliyofukiwa kwenye shimo ikaiva taratibu, kisha mtama unakuja nyuma yake na ladha ya moshi, kisha kidogo tu inakung'ata ulimi na kukuacha. Haina sukari ya dukani, haina maji ya kuongezea. Nilimhoji kama mtahini. Huchagua ndizi zilizoota kwenye mteremko unaotazama ziwa. Hukamua kwa nyasi kwenye hori la mti bila kupumzika, na mtu akimwita katikati ya kazi haitiki. Mtama huukaanga mwenyewe, hamwachii mtu, hata binti yake. Huchuja mara mbili. Pombe yake ikizidi siku tatu huimwaga, kwani hataki jina lake linywewe likiwa chachu. Kila jambo uliloniambia lilikuwa kweli, na jambo moja hukuniambia: kwamba ni nzuri kuliko ulivyosema. Uliipunguza! Wewe, uliyekuwa ukiongeza kila samaki!

Nilipomweleza habari ya Esperansi, hakuniacha nimalize. Ndizi zimo shimoni tangu Jumatatu. Atakamua kesho. Jumamosi alfajiri atapanda boti la wavuvi na vibuyu vyake na atavileta mwenyewe, kwa kuwa, alisema, haamini vichwa vya watu wengine kuvibeba. Mimi nimerudi leo kwa boti hilo hilo, mrija wako ndani ya koti, na kikombe nimekiacha kwake. Anasema atapimia mtama.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Esperansi. Nilimwambia neno moja lile nililoanza nalo. Aliruka, Faustini. Alinikumbatia mimi, ambaye hakuna anayenikumbatia, kisha akakimbilia sokoni kumwambia mama yake, kiatu kimoja kimebaki mlangoni kwangu hadi sasa.

Basi sikiliza, ndugu yangu. Neno langu la mwisho kwako nimelifuta, na hili ndilo jipya: ulisema kweli. Jumamosi wageni watakapoketi, nitaonja kwanza, mbele ya wote, kwa mrija wako, pahali pako. Binti yako ataposwa kama ulivyotaka. Baada ya hapo nitaishika tena ile njia, safari hii hadi Kibuye, vilima vyote, kwa niaba ya miguu yako na yangu. Nikipita kwa Mama Vestina nitauchomeka mrija wako chini ya bati, mahali pake, na nitachonga wangu niuweke kando yake.

Pumzika. Ukigeuka sasa, geukia huku.

Mwalimu wako wa kikombe