Boksi Lililoachwa kwenye Viatu

Sumire mwenzangu, nilikuwa namenya matunda ya persimoni ya kukausha, akaingia mama yake Ryota, yule mchumba wa binti yangu Kaho.

Hakumaliza hata chai. "Mama Kaho, unisamehe, ila binti alikuwa na miaka minane mtambo wa nyuklia wa huku kwenu ulipolipuka. Atazaa watoto wazima kweli?"

Mbele ya Kaho mwenyewe. Atazaa watoto wazima kweli.

Nikamjibu polepole, unanijua. Nikamwambia hatari sijaikana, tunachochunga ni saratani ya tezi ya shingo, na Kaho kapimwa mara sita, majibu yote ninayo. Kuhusu uzazi, nimesoma nilichoweza kusoma: watoto wa huku wanazaliwa kama wa kwingine. Akatabasamu tu.

Anaondoka, nikampa boksi la persimoni. Akalipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Kisha akaliacha mlangoni, kwenye viatu. Taratibu, kama kalisahau.

Kwenye viatu, Sumire.

Nikalibeba, nikamfuata nje na soksi zangu. "Mama, zimepimwa mionzi, karatasi hii hapa. Ukizikataa, zikatae nikikuona."

Kaho akatokea nyuma yangu: "Nami naomba vipimo vya presha vya ukoo wenu, Mama Ryota. Nataka wajukuu zako wawe wazima."

Ryota, aliyemleta na kumsubiri nje, alikuwa keshawasha gari. Akashuka akicheka, akalichukua boksi, akaliweka kiti cha mbele na kulifunga mkanda.

Mama yake akakaa nyuma.

Persimoni zimebaki kama mia mbili. Nitamenya kesho.