Ungo Uliogoma Kulala

Chuoni, Dodoma
14 Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Ulemo, goti limeacha kukusumbua na alizeti mmeshavuna. Mimi mzima, nakula vizuri, na jana nimeshinda.

Najua mlikuwa roho juu. Baba mdogo Isaka alishapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa akina Alute, akasema nikishindwa kutetea utafiti wangu nirudi niolewe, nikifaulu ng'ombe warudishwe. Tangu hapo sikupata usingizi wa maana.

Uliwahi kuniuliza nasoma nini, nikakwepa. Nasoma uzito, Mama, katika ulimwengu wa kubuni ulio bapa kama karatasi. Humo kitu kizito hakivuti chochote. Kinapunguza tu nafasi inayokizunguka, kana kwamba umekata kipande cha chapati ukaunganisha kingo zilizobaki. Jana, mbele ya jopo la watahini, Profesa Editha, mama mkali asiyecheka, akasema kama kila ninapopima pamenyooka, basi huo uzito nimeuota.

Nikatoa ungo. Ule wa kwanza niliousuka nikiwa darasa la tano, ambao kila mzunguko niliufanya mfupi kuliko inavyotakiwa mpaka ukanyanyuka katikati, nawe ukacheka hadi ukakaa chini. Nikamwomba Profesa aupapase ubavuni: hakuna kinundu wala shimo. Kisha nikamwomba aulaze mezani uwe bapa. Akaubonyeza huku, ukainuka kule. Nikamweleza kwamba ncha iko katikati, lakini hata ukizunguka mbali, ukingoni, utaijua, kwa sababu mzunguko umepungua. Upungufu huo ndio uzito wenyewe. Aliugeuzageuza, halafu akawaambia wenzake hana swali tena. Nimefaulu bila kusahihisha hata ukurasa mmoja. Nililia kwa furaha, wala sioni haya kukuambia.

Sasa Mama, hapa msomee baba mdogo bila kuruka neno. Alute ni kijana mwema, sina ubaya naye. Lakini asubuhi ile, kabla ya kuingia kwenye mtihani, nilimpigia simu nikamwambia aje achukue ng'ombe wake, nifaulu nisifaulu. Akanitakia mtihani mwema. Wakija, wapeni bila maneno. Nilitaka niingie mle ndani nikiwa wangu mwenyewe.

Nisalimie Eliza na wote waliotuombea. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, umwambie simkimbii; mwezi wa nane nakuja kumsalimia uso kwa uso.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Esta