Mapipa ya Nyuma ya Korona

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Uji, vidonge, jua la barazani. Miguu imevimba tena. Kuna jambo nimelificha tangu serikali ilipotaifisha shamba la mkonge hapa karibu na Mazinde. Nyuma ya korona, kiwanda kilichokuwa kikisindika mkonge, yamezikwa mapipa ya dawa ya kuulia magugu. Nilikuwa ofisa wa serikali kwenye makabidhiano. Najua yalipo. Mwaka jana watu walihamishiwa pale jirani, kijiji cha ujamaa. Nikanyamaza.

Jumatano, 6 Agosti
Amekuja Saitoti, rafiki yangu wa siku nyingi. Ukame umemtoa Handeni na ng'ombe wake.
"Kumbe upo? Mimi nimekuja kula ubwabwa wa matanga."
Nimecheka hadi kifua kikauma. Kisha akasema ng'ombe wake wanakufa. Wamelamba udongo mweupe nyuma ya korona. Aliuonja kwanza ulimini, kama wafugaji wafanyavyo, akaona una chumvi, akawaachia. Nilielewa papo hapo: ile dawa imevuja. Sikumwambia. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Agosti
Mkutano wa kijiji, juu ya ng'ombe waliokufa. Siwezi kutembea mbali, amekwenda binti yangu Zaina. Katibu wa kijiji amesema uchafu ule ni wa Mzungu aliyekuwa akiendesha shamba, serikali haihusiki. Watu wakae mbali na uwanja wa korona.
Mama mmoja akauliza, "Na kisima chetu, bwana katibu, nacho tukiambie kikae mbali?"
Wamecheka. Katibu hakucheka. Si mwongo yule kijana. Hajui.

Jumamosi, 9 Agosti
Zaina amepika maharage. Yameiva upesi mno. Nikauliza magadi ameyatoa wapi. Kapewa na jirani, aliyeyakwangua kwenye uwanja wa korona. Nimeimwaga sufuria nzima uani. Nikamtuma apite kila nyumba, aseme ni sumu.
"Baba, umejuaje?"
Nikamhimiza aende. Akajifunga kanga, akaenda.

Jumapili, 10 Agosti
Kufa siogopi. Naogopa kufa na hili.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimemwita katibu. Kanipa shikamoo, kakaa mkekani. Saitoti na Zaina walikuwapo. Nimesema yote. Saitoti akaniomba maji ya kunywa. Katibu anakwenda Korogwe kwa mkuu wa wilaya. Nimemwambia amlete hapa, nitayarudia mbele yake, nikiwa hai.

Kusafisha pale ni kazi ya serikali, si ya Mzungu. Siku ya makabidhiano mapipa hayakuwa yamezikwa bado. Yalikuwa juu, yamepangwa ukutani. Meneja, yule Mzungu, aliomba tuahirishe makabidhiano mpaka ayaondoe. Mgeni rasmi alikuwa njiani, ngoma zimeshawambwa. Nilimkatalia. Mimi ndiye niliyeamuru, kwa jina la serikali, shimo lichimbwe na yafukiwe.