Kafi Linarudi Kwao

Jumanne, 2 Mei
Mvua tena. Wageni wanne tu, na watatu walikuja kujikinga! Wa nne ni Ngaire, Mmaori, mwenyeji wa asili wa Nyuzilandi, mama wa makamo kama mimi. Hakulitazama dawati alilosomea utotoni Nahodha, yule mvumbuzi wa bahari aliyefika hadi kwao, enzi hizo makumbusho yetu yalikuwa shule ya hisani ya watoto maskini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kafi la ukutani, akaliamkia kwa lugha yao. Kama mtu aliyemkuta nduguye rumande. Nikabaki na tambara la vumbi mkononi.

Alhamisi, 4 Mei
Amerudi. Michongo ya kafi ni ya ukoo wa bibi yake, anasema, nao wanaomba lirudi. Nikampa chai na keki ya tangawizi. Akauliza nimefika wapi duniani. Mimi? Mwisho Whitby, mji wa pwani hapo jirani! Nimezaliwa hapa kijijini, nimezeekea hapa, nasimulia safari za mwingine. Tulicheka. Kisha nyumbani sikutulia. Viazi vimeungua nikizunguka jikoni.

Jumatano, 10 Mei
Kikao cha kamati. Kaka Clifford, mwenyekiti, alifoka: tukianza kurudisha vitu tutabaki na kuta tupu! Nikasimama. Nikawaambia: wazieni kengele ya kanisa letu imetundikwa sebuleni kwa watu, ng'ambo huko. Kura zikapigwa — linarudi! Ngaire, tuliyemwalika kikaoni, akaomba nilipeleke mimi niliyelisemea.
"Wewe?" Clifford akasema. "Mdogo wangu, hata mjini Leeds ulipotea!"
Wakacheka wote. Nami nikacheka. Neno hilo linaniuma hadi sasa.

Jumatatu, 19 Juni
Pasipoti imefika. Picha kama ya mwizi wa kuku! Clifford hasemi nami. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga.

Ijumaa, 7 Julai
Stesheni. Nangoja treni ya uwanja wa ndege. Kafi liko kando yangu, ndani ya blanketi. Ngaire atanipokea kule.

Clifford huyu hapa! Anatweta, begi mkononi.
"Thora, acha utoto. Nipe, nitalipeleka mimi. Nimeshakata tiketi."
Anayo kweli. Kanionyesha.
"Basi panda, kaka," nikamwambia. "Utanisindikiza."
Akawa mwekundu. Baba alitaka mwanaume ndiye asafiri, anasema. Baba! Hakuwahi kuvuka daraja la kijiji.
Sasa ameshika ncha moja ya blanketi. Mimi nyingine — ndiyo maana mwandiko umepinda. Treni inaingia. Watu wanatutazama. Siachii. Naweka kalamu, nipande nalo.